Ndala Iliyobaki Njiani: Tuujue Upasuaji wa Kiuno kwa Tundu Dogo

Ukipanda kutoka Tengeru kuelekea Akheri alfajiri, kabla wingu halijaufunika Mlima Meru, utakutana na akina mama wakishuka. Mmoja ana ndoo ya maziwa, mwingine ana mkungu wa ndizi. Wa tatu amejitwisha mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kuliko yeye mwenyewe, na mtoto yuko mgongoni. Wanasalimiana, wanacheka, wanaendelea na safari. Hakuna anayewauliza migongo yao ina hali gani.

Siku moja ya soko tulikaa kivulini na mmoja wao, mama wa watoto wanne. Alikaa upande upande, kalio moja likiwa limenyanyuka. Alitueleza kwamba maumivu yalimwanza kiunoni wakati wa kuvuna mahindi. Baada ya majuma machache yakashuka kwenye kalio la kushoto, nyuma ya paja, hadi kwenye kidole gumba cha mguu, kama moto unaopita ndani ya mfupa. Alichuliwa kwa mafuta. Alimeza vidonge vya dukani. Alichanjwa chale. Mama mkwe alimwambia ni baridi ya uzazi, itaondoka yenyewe.

Tulipokuwa tunaagana alisema jambo moja kama mzaha: "Na siku hizi ndala ya mguu huu inanitoka njiani bila mimi kujua. Mtoto ndiye ananiambia, mama, ndala yako imebaki kule nyuma." Tulicheka pamoja naye. Baadaye tulijua kwamba hatukupaswa kucheka.

Kisha akatuuliza: "Nasikia siku hizi mgongo unapasuliwa kwa tundu dogo tu, na kesho yake unatembea. Ni kweli, dada zangu, au ni maneno ya watu? Na mtu akipasuliwa mgongo si anapooza?"

Tuliahidi kumtafutia jibu. Makala haya ni jibu lake, na ni la kila mama anayeamka asubuhi akishika kiuno.

Ni nini hasa kinachouma?

Mgongo wetu umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kiunoni ziko tano, na hizo ndizo zinazobeba uzito mkubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski. Mfano wake ni mto mdogo wenye ganda gumu nje na ute mzito ndani. Diski ndiyo inayotuwezesha kuinama, kugeuka na kubeba bila mifupa kusagana.

Ganda hilo likichakaa au kupasuka, ute wa ndani huchomoza. Ukichomoza mahali penye mshipa wa fahamu, huukandamiza na kuuchokoza. Mara nyingi hali hii hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, na mishipa ya hapo ndiyo inayoteremka mguuni. Ndiyo sababu ugonjwa uko kiunoni lakini kilio kiko mguuni. Mshipa ukizidi kubanwa, mguu huingia ganzi, kisha misuli hulegea. Mama asiyeweza kuunyanyua vizuri wayo wake hawezi kuishikilia ndala.

Hata hivyo, wapendwa, si kila maumivu ya kiuno yanatokana na diski. Mengi ni ya misuli iliyochoka, nayo hupona. Lakini kifua kikuu hakikai mapafuni tu, huweza kula pingili za mgongo. Ugonjwa wa brusela, ambao watu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika ng'ombe aliyetupa mimba, nao huleta homa na maumivu ya mgongo. Figo, mji wa mimba na saratani ya mlango wa kizazi huweza pia kuumiza kiuno. Kwa hiyo anayekimbilia kutaja upasuaji kabla ya kupimwa ameanza safari kwa kurudi nyuma.

Wako pia akina mama wanaoilaumu sindano ya ganzi waliyochomwa mgongoni siku ya kujifungua kwa upasuaji. Mahali ilipochomwa huweza kuuma kwa siku chache. Lakini utafiti haujaonyesha kwamba sindano hiyo ndiyo inayoleta maumivu ya mgongo ya miaka mingi. Tusiilaumu sindano tukaacha kuutafuta ugonjwa wenyewe.

Kutoka kisu kirefu hadi tundu dogo

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, waliueleza ulimwengu kwamba diski iliyochomoza ndiyo inayobana mshipa na kuumiza mguu, na kwamba ikiondolewa mgonjwa hupata nafuu. Lakini upasuaji wa siku hizo ulikuwa mzito. Mgongo ulipasuliwa kwa urefu, misuli ikabanduliwa kwenye mfupa, na mfupa wenyewe ukakatwa. Mgonjwa alilala kitandani siku nyingi. Hofu tunayoisikia vijijini mpaka leo ina mizizi katika zama hizo.

Madaktari wakaanza kutafuta njia ya kuifikia diski bila kubomoa nyumba nzima, na moja ya njia za kwanza ilitoka kwenye papai. Wote tunajua kwamba nyama ngumu ikifungwa kwenye majani ya mpapai hulainika. Kinachoilainisha ni kilichomo katika utomvu wake, na utomvu huo wa papai uliwahi kuwa zao la biashara hapa Tanganyika. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas wa Marekani aliwachoma sungura sindano ya dawa ya papai, na masikio yao yaliyokuwa yamesimama yakalegea kama kitambaa. Mwingine, Lyman Smith, alijiuliza: kama dawa hii inalegeza gegedu la sikio, je, haiwezi kuyeyusha ute wa diski? Katika miaka ya 1960 alianza kuwachoma wagonjwa sindano hiyo ndani ya diski, bila kisu. Wengi walipata nafuu. Lakini wachache walipata mzio mkali, na wengine wachache walipooza. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, ila baadaye iliachwa. Tunajifunza kwamba hata sindano isiyoacha kovu inaweza kuwa na hatari yake.

Njia nyingine ilikuwa ya kuona vizuri zaidi. Mwaka 1977 Gazi Yaşargil wa Zürich na Wolfhard Caspar wa Ujerumani walieleza jinsi ya kuitoa diski kwa kutumia hadubini. Daktari anayeona jambo dogo likiwa kubwa hahitaji kufungua mahali pakubwa. Kisha mwaka 1997 Kevin Foley na Maurice Smith wa Memphis, Marekani, walieleza namna ya kufanya kazi hiyo kupitia mrija mwembamba wenye kamera. Hapo ndipo upasuaji wa tundu dogo tunaousikia leo ulipoanza kuenea.

Unafanywaje?

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na kulazwa kifudifudi. Daktari hutumia mashine ya eksirei kuhakikisha yuko kwenye pingili inayohusika. Hukata ngozi kwa kiasi cha sentimita mbili hivi, kando kidogo ya mstari wa katikati. Hapo hupitisha kijiti chembamba, juu yake mrija, na juu ya huo mrija mpana zaidi, hadi apate njia ya upana wa kidole. Misuli haikatwi, husogezwa pembeni kama mtu anayepenya katikati ya migomba bila kuiangusha.

Kupitia mrija huo, kwa msaada wa hadubini au kamera, daktari huondoa kipande kidogo cha mfupa, husogeza mshipa wa fahamu taratibu, na kutoa kile kipande cha diski kilichochomoza. Mrija ukitolewa, misuli hujirudia mahali pake. Mara nyingi mgonjwa husimama na kutembea siku ileile au kesho yake. Iko pia njia ya tundu dogo zaidi, lisilofika sentimita moja, ambapo kamera nyembamba hupitishwa ubavuni mwa mgongo, na mara nyingine mgonjwa hupigwa ganzi tu.

Na vipi kuhusu kupooza? Hapa iko habari njema ambayo wengi hatujaambiwa. Uti wenyewe wa mgongo, ule unaoshuka kutoka kwenye ubongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna nyuzi za mishipa zinazoning'inia kama mkia wa farasi. Diski zinazosumbua zaidi ziko chini ya mahali hapo, kwa hiyo kisu hakiendi kwenye uti. Hatusemi hakuna hatari. Mshipa unaweza kuumia, utando unaoizunguka mishipa unaweza kutoboka, usaha unaweza kuingia, na diski inaweza kuchomoza tena. Lakini kupooza miguu yote kwa sababu ya upasuaji huu ni jambo la nadra. Mara nyingine mguu hulegea kwa sababu mshipa umeachwa ukibanwa muda mrefu mno.

Je, tundu dogo ndilo linaloponya?

Hapa tuliomba tuelezwe mara mbili, maana matangazo ya siku hizi hutufanya tuamini kwamba kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo uponyaji unavyokuwa mkubwa.

Madaktari wa Uholanzi wamelichunguza jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 2007 walitoa matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa mguu vikali kwa majuma sita hadi kumi na mawili. Nusu walipasuliwa mapema. Nusu walisubiri kwa dawa na ushauri, wakijua watapasuliwa wakizidiwa. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, katika kila kundi wagonjwa 95 kati ya 100 walisema wamepona. Katika wale waliosubiri, takriban wanne kati ya kumi walilazimika kupasuliwa ndani ya mwaka huo, na waliobaki hawakuhitaji kisu.

Mwaka 2009 walitoa matokeo mengine, ya wagonjwa 328. Waliwalinganisha waliopasuliwa kwa mrija na waliopasuliwa kwa njia ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja wale wa mrija hawakuwa na hali bora kuliko wenzao, na maumivu yao yalikuwa yamebaki zaidi kidogo. Kisha mwaka 2022 wagonjwa 613 walitumika kulinganisha ile njia ya kamera ya tundu dogo kabisa na ile ya kawaida ya hadubini, na ikaonekana kwamba njia ya kamera haikuwa nyuma katika kutuliza maumivu ya mguu.

Maana yake kwetu ni nini? Tundu dogo ni jambo zuri. Huacha kovu dogo, na huweza kumrudisha mama nyumbani mapema. Lakini kinachoponya ni mshipa kufunguliwa kwa wakati, kwa mgonjwa anayestahili, na kwa mkono wa daktari aliyeizoea kazi hiyo. Mama aliyepasuliwa vizuri kwa mkato wa sentimita tano hajapunjwa. Na mama ambaye hakuhitaji kupasuliwa hajasaidiwa na tundu lolote, hata likiwa dogo kama la sindano.

Huku kwetu milango iko wapi?

Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini walihesabika kwa vidole, na walikuwa Dar es Salaam. Mwaka 2006 daktari wa Marekani aliyezaliwa Sri Lanka, Dilan Ellegala, alifika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, eneo ambalo hadi mwaka 2002 lilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Aliona kwamba akiwapasua wagonjwa na kuondoka, hakuna kitakachobaki. Akaamua kufundisha, na daktari msaidizi Emmanuel Mayegga akajifunza kufanya upasuaji wa kichwa hapo hapo kijijini.

Mwaka 2008 Roger Härtl, daktari bingwa wa mgongo wa New York anayejulikana kwa upasuaji wa tundu dogo, naye alianza mpango wa kuwafundisha madaktari wa Tanzania. Kazi hiyo imeendelea kwa ushirikiano na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Vifaa husafirishwa kwa sanduku, lakini ujuzi hupandwa na huchukua miaka kukomaa.

Kwa sisi wa Arusha na Meru, mlango wa kwanza uko karibu: kituo cha afya, Nkoaranga, Selian, Arusha Lutheran Medical Centre, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Hapo mgonjwa hupimwa miguu, huchunguzwa kama ana kifua kikuu au brusela, na hupewa dawa na mazoezi. Mwenye dalili za mshipa kubanwa hupewa rufaa kwenda KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, au MOI. Kabla ya upasuaji kipimo cha MRI huhitajika ili daktari aione diski na mshipa, maana eksirei ya kawaida huonyesha mifupa tu.

Gharama ni mzigo, hatuwezi kuficha. Kipimo, nauli, kitanda na chakula cha anayemwuguza mgonjwa huweza kuimaliza bei ya ng'ombe. Ulizeni mapema kuhusu bima, na kama inalipia kipimo na upasuaji wenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, nasi akina mama tuifuatilie kwenye serikali zetu za vijiji na mitaa. Katika vikundi vyetu tunachangiana harusi na misiba. Tuchangiane na kipimo pia, mgonjwa akiwa bado anatembea.

Dalili zisizosubiri kesho

Mpendwa msomaji, kata ukurasa huu ukiweza, uubandike ukutani. Mwenye maumivu ya kiuno aende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, akiona mojawapo ya haya:

– Mkojo umeziba, au unatoka bila yeye kujua, au hawezi kuzuia choo.
– Ganzi sehemu za siri na sehemu ya kukalia.
– Miguu yote miwili inalegea.

Hapo zile nyuzi za mkia wa farasi zinabanwa zote, na saa zinahesabika. Akichelewa anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Tunajua ni aibu kuyataja hayo mbele ya watu. Lakini wazee walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie daktari bila haya.

Na haya yanataka hospitali ndani ya siku chache: wayo unaoburuzika au ndala inayotoka, homa na kutoka jasho usiku, kukonda bila sababu, maumivu baada ya kuanguka au ajali ya pikipiki, na maumivu kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Maswali ya kumwuliza daktari

Daktari hakasiriki akiulizwa kwa heshima. Uliza haya, na uende na mtu wa kukusaidia kukumbuka majibu:

1. Ugonjwa wangu ni diski, au ni kitu kingine?
2. Nikisubiri majuma sita kwa dawa na mazoezi, kuna hatari gani?
3. Utatumia njia gani, na wewe umeizoea?
4. Upasuaji utaniondolea maumivu ya mguu, ya kiuno, au yote? Kwa kawaida mguu hupona vizuri kuliko kiuno.
5. Nitarudi lini kubeba mzigo?

Mzigo ni wa nani?

Swali hili la tano ndilo linaloingia ndani ya nyumba zetu. Daktari anaweza kutoa diski iliyochomoza, lakini hawezi kwenda Akheri kukata majani ya ng'ombe. Mama akirudi kutoka hospitali siku ya tatu, akamkuta ng'ombe ana njaa na pipa halina maji, ataubeba mzigo uleule kwa mgongo uliotoka kushonwa. Majuma ya kwanza anatakiwa kutembea kila siku, asilale mchana kutwa, lakini asiinue kizito wala kuinama na kujipinda. Nani atachota maji majuma hayo? Lipangwe kabla, baba akiwepo, si baada.

Na kwa ambao bado tuna afya, tusisubiri kuumia. Mzigo mmoja mkubwa ugawanywe mara mbili. Toroli si la wanaume peke yao. Piga magoti unapoinua ndoo, usipinde mgongo. Na kijana wa kiume aliye na nguvu za kucheza mpira jioni nzima ana nguvu za kubeba majani pia.

Tulirudi kwa yule mama na majibu yake. Tulimwambia kwamba ni kweli, upasuaji wa tundu dogo upo, na kwamba si lazima auhitaji. Lakini ile ndala hatukuiacha ipite. Tulimsihi aende akaieleze yenyewe, kabla ya maumivu. Alikwenda. Daktari alimwambia asimame kwa visigino, na wayo wa kushoto ukakataa kunyanyuka. Hakumwuliza tena habari za baridi ya uzazi. Alimwandikia rufaa ya kwenda Moshi.

Mama mkwe alilia, akasema watamrudishia mkwewe kwenye kiti cha magurudumu. Baba watoto alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza bei ya mtamba inakwendaje sokoni. Tulipopita tena, yeye ndiye aliyekuwa anashuka na mzigo wa majani, akiuweka upya begani kila hatua chache. Alitusalimu, akapumua, akasema, "Kumbe ni mzito hivi."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, barua ya rufaa ameiweka ndani ya Biblia isikunjike. Gari lilikuwa la Jumatatu asubuhi. Ndala ya kushoto alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mguu, isibaki tena njiani.